Baba amechomelea chasisi, nami siuamini mshono wake

Mhariri na wasomaji wenzangu,

Nawaandikia kutoka Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi. Nina jambo ambalo siwezi kulisema nyumbani wala gereji, kwa kuwa nyumbani na gereji ni watu wale wale. Naomba ushauri wenu, hasa nyinyi mafundi na nyinyi watoto wa mafundi.

Baba yangu ni fundi wa bodi. Kabla sijazaliwa alikuwa tayari ananyoosha magari yaliyogongwa, na hadi leo kuna wenye matatu wanaopita gereji nyingine zote barabarani ili waje kwake. Mimi ni kifungua mimba wake na nimerithi jina la nyanya, mama yake mzazi, kwa hiyo yeye huniita Mama. Nilianza kwa kumshikia taa. Baadaye akanikabidhi nyundo, kisha akanilipia karo ya chuo cha ufundi nikasomee kuchomelea vyuma. Cheti changu amekitundika ofisini mahali ambapo kila mteja lazima akione.

Kwa muda mrefu Baba amekuwa akitamani kujenga gari lake mwenyewe, spidista: gari la wazi la viti viwili, kioo kifupi cha mbele, mgongo wa mviringo, lisilo na kitu cha ziada. Analolipenda ni Porsche 356 Speedster la 1954. Historia yake huisimulia bila kuchoka. Max Hoffman, aliyekuwa akiagiza magari ya Ulaya na kuyauza New York, aliwaomba Wajerumani wamtolee gari jepesi lililovuliwa mapambo, aliuze kwa chini ya dola 3,000, nao wakamtengenezea lile lenye kioo cha kung'oka. Mwaka huo huo, huku kwetu, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mbio za Safari, zilizokuwa zikiitwa Coronation Safari, kwa Volkswagen Beetle. Baba hawezi kuwasimulia vijana wa spana jambo moja akaacha la pili, maana kwake magari haya mawili ni ndugu wa damu: injini iko nyuma, inapoozwa kwa hewa, na springi ni vyuma vinavyojisokota. Speedster lenyewe siku hizi ni mali ya matajiri. Beetle bovu bado linapatikana.

Letu tulilipata Limuru, kwa mjane aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Ni la 1967, injini ya 1500. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi cha kutofaa kuokolewa, lakini chasisi ilikuwa na uhai na logibuku, hati ya usajili wa gari, ilikuwepo.

Sasa, Beetle lina milimita 2,400 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Porsche 356 lina 2,100. Ili bodi ya spidista ikae sawasawa, chasisi sharti ikatwe milimita 300 na kuunganishwa tena. Waliowahi kuifungua Beetle wanajua uzito wa jambo hilo. Lile bomba pana la katikati ndilo uti wa mgongo wa gari, na ndani yake hupita chuma cha gia, waya wa klachi, waya wa eksileta na bomba la petroli. Vyote vinafupishwa. Baba alipima, akapima tena, akakata mbele ya ile nambari ya chasisi iliyopigwa chini ya kiti cha nyuma ili isiguswe, maana bila nambari hiyo hakuna la kuwaambia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Katika kukata sina neno. Tulipovuta uzi kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili zililingana.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu bodi, maana nisipofanya hivyo mtadhani mzee amechoka. Ameifua yote kwa mkono, kwa mabati ya geji 18. Kwanza alikata mbao za plaiwudi umbo la gari, akazipanga kama mbavu, halafu akaanza kipande kimoja kimoja juu ya gunia la mchanga na gogo alilolichimba shimo mfano wa bakuli. Anagonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, akizungusha bati, hadi linaanza kujaa lenyewe. Kisha analilaza kwenye mbavu, anatandika kitambaa chembamba juu yake na kupitisha kiganja. Kitambaa kinateleza, na kiganja kinahisi kibonyeo ambacho jicho halikioni. Nimemwona akirudisha madigadi ya nyuma kwenye gunia kwa sababu ya donge ambalo mimi, kwa taa na kwa rula, sikulipata. Nilipolilaza upya na kupitisha mkono wangu juu ya kitambaa kile, nikalihisi. Sijui fundi mwingine Nairobi anayeweza kazi hiyo, na sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu.

Lakini bodi anaijenga kwa mikono. Kuchomelea kunataka macho. Nyuma ya kioo cheusi ni lazima ulione lile dimbwi la chuma kilichoyeyuka, uone kingo zake zikishika huku na huku, ulifuate bila kukimbia na bila kukawia. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Anakiri kwamba kuna ukungu. Hospitali ya macho ya Kikuyu si mbali, na upasuaji wenyewe ni wa kawaida, lakini anasema atakwenda gari likiisha.

Chasisi aliichomelea yeye. Niliomba niifanye mimi, akaniambia, "Mama, hii niachie. Mengine yote ni yako." Ningemjibu nini?

Mshono wa juu ni mzuri. Wa ubavu wa kushoto umekaa juu ya chuma bila kuingia ndani, ukipitisha ukucha unakwama kwenye ukingo. Chini, pale bomba linapokutana na sakafu, kuna vitundu, na kuna mahali ambapo moto ulitoka kwenye maungio ukaenda kushona bati zima kando yake. Jioni moja vijana walipoondoka nilifanya jaribio ambalo Baba mwenyewe alinifundisha tulipokuwa tukitengeneza matangi. Nilisaga chaki, nikaikoroga na spiriti, nikaupaka mshono kwa nje hadi ukawa mweupe na kukauka. Halafu nikafunga brashi kwenye waya, nikaingiza mafuta ya taa ndani ya bomba kupitia tundu la kile chuma cha gia. Nikasubiri. Kwenye chaki ukatokea mstari wa unyevu, kwanza mwembamba kama uzi, kisha ukapanuka, urefu wa kidole changu cha kati, kando kando ya mshono. Mafuta yamepenya. Palipopenya mafuta hapajaungana. Nilifuta kila kitu kabla ya asubuhi.

Kwa wasio mafundi, hofu yangu ni hii. Gari lenye paa husaidiwa na bodi yake, mzigo unagawanywa. Ukiondoa paa, gari linataka kujikunja katikati. Karmann, waliokuwa wakijenga Beetle la wazi huko Ujerumani, waliongeza vyuma kwenye kingo za chini za bodi kwa sababu hiyo hiyo. Baba hataki kuongeza hata skwea tyubu moja, yaani bomba la chuma la pembe nne, anasema spidista ni wepesi na ukilirundikia vyuma umelifanya pikapu. Maana yake ni kwamba nguvu zote za kujipinda zitaangukia lile bomba na mshono ule. Tuta moja la mtaani, likipandwa na gurudumu moja kwanza, linatosha kuusokota. Na safari yenyewe ya kwanza aliyoipanga si ya mtaani. Anataka kuteremka Mai Mahiu hadi Naivasha, ile barabara ya ukingo wa Bonde la Ufa iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano, na kiti cha pili amemwahidi mama yangu. Mama ameshanunua kitambaa cha kichwa cha kufunga siku hiyo.

Ndugu yangu mdogo, anayeshika hesabu za gereji, nilimdokezea. Alisema nimwache mzee afurahi, gari lenyewe litaendeshwa mara chache, na kwamba hata hivyo litakwenda ukaguzi Likoni Road kabla ya kubadilishiwa aina ya bodi kwenye logibuku, kwa hiyo serikali itaamua. Sikubaliani naye. Mkaguzi ataangalia breki, taa, usukani na matairi. Mshono uliofunikwa kwa praima, rangi na zulia ataujuaje? Anayejua ni mimi.

Nimewaza njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Naweza kuja usiku na grainda, niuondoe ule mshono na kuurudia kwa MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi. Kazi hiyo naiweza. Lakini Baba anaujua mshono wake hata akiupapasa, na atajua kwamba binti aliyefundishwa naye amemzunguka gizani. Afadhali aniambie mdomoni kwamba nimemkosea adabu kuliko kugundua hilo peke yake.

Naweza kumwita baba mdogo, ambaye pia ni fundi, aje kama anapita tu, auone na aseme yeye. Wanaheshimiana. Hofu yangu ni kwamba habari ikishapita kwa ndugu itawafikia mafundi wa Gikomba na Kirinyaga Road kabla ya jioni, kwamba mzee wa Kariobangi haoni tena. Kwa fundi wa umri wake hilo ni jambo kubwa. Wateja wetu wengi wanakuja kwa jina lake.

Naweza kusema chasisi ipelekwe kupimwa kwa ile rangi nyekundu inayopuliziwa kwenye chuma na kuonyesha nyufa, nikisingizia kwamba chuoni walitufundisha kila chasisi iliyokatwa ipimwe. Si uongo, na ndivyo inavyopaswa. Hata hivyo atauliza mbona sikulisema kabla hajawasha moto.

Au nimwambie ana kwa ana, mimi na yeye, bila kijana wala mteja karibu, nimwonyeshe chaki na mafuta ya taa. Moyo wangu unaelekea huko. Kinachonizuia ni kwamba sijawahi kumwambia kazi yake haifai, na sijui maneno ya kuanzia. Nikisema "mshono", atasikia "macho". Nikisema "macho", atasikia kwamba siku zake gerejini zimekwisha, hali mimi nataka atibiwe arudi.

Jambo moja nimeshaliamua: gari hilo halitatoka langoni na mshono ule, hata kama itabidi nifiche ufunguo. Kwa hiyo msinishauri ninyamaze. Ninachotafuta ni njia ya kulisema bila kumvunja.

Naomba mnisaidie katika haya. Wewe mzee uliye fundi, ungependa uambiwe na nani jambo kama hili, mtoto wako au rika lako? Na ungependa uambiwe kabla ya matibabu ya macho au baada? Wewe mtoto wa fundi uliyewahi kufika hapa, ulianzaje? Na nyinyi mliowahi kufupisha chasisi ya Beetle, je, niking'oa ubavu wa kushoto tu na kuweka bamba la kuimarisha ndani ya bomba, itatosha, au nikate pande zote nianze upya? Pia naomba mniambie mlipitisha wapi vyuma vya kuimarisha bodi bila kuharibu umbo, maana nikimletea Baba mchoro wa kueleweka badala ya malalamiko, huenda akasikiliza.

Bodi inatarajiwa kufungwa juu ya chasisi mwezi ujao, na rangi itafuata mara moja. Baada ya hapo kuufikia mshono kutamaanisha kubomoa yote aliyoyafua. Tafadhali msikawie kunijibu.

Ni mimi,
Binti wa Gereji,
Kariobangi, Nairobi