Mwisho wa The Letter ulilazimishwa, na gazeti letu halikusema

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma kurasa zenu za sanaa bila kushika kalamu, hata pale nilipoona mambo yamepindishwa. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu The Letter, filamu ya William Wyler ya mwaka 1940, imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu ameisifu kwa kuwa mwishoni haki inatendeka, na akamfananisha na nyoka mjane wa mwanamume anayeuawa ndani yake.

Haki gani hiyo? Leslie Crosbie, mke wa meneja wa shamba la mipira huko Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), anayeigizwa na Bette Davis, anammiminia mwanamume risasi sita usiku wa mbalamwezi na kuendelea kufyatua hata baada ya mtu huyo kuanguka kwenye ngazi za baraza. Anadai kwamba alikuwa akijilinda asibakwe. Mahakama inamwachia huru kwa sababu barua aliyomwandikia marehemu kumwita nyumbani siku ile imenunuliwa na wakili wake kwa dola 10,000, fedha za mume asiyejua lolote. Tamthilia ya mwandishi Mwingereza W. Somerset Maugham ya mwaka 1927, ambayo filamu hii imetokana nayo, inamwacha mwanamke huyo akiwa hai na huru, akikiri kwamba bado anampenda aliyemuua, na filamu ya kwanza ya kisa hiki, ile ya mwaka 1929 aliyoigiza Jeanne Eagels, nayo haikumpeleka kaburini. Lakini kuanzia mwaka 1934 ofisi ya Joseph Breen, mdhibiti wa filamu, ilikuwa ikisimamia kwa ukali kanuni za maadili za Hollywood, ambazo hazikuruhusu muuaji amalize filamu bila adhabu. Ndipo ukabuniwa mwisho mpya: Leslie anatoka nje kwenda bustanini, mjane anamchoma kisu, na kwa kuwa naye sasa ni muuaji, askari polisi anatokea papo hapo kumkamata. Mwisho huo ulitoka kwa wadhibiti, na mwandishi wenu amewapa sifa watunzi.

Kinachoniuma zaidi ni huyo mjane. Ni yeye aliyeuliwa mume, na ni yeye ambaye mahakama haikumsikiliza, lakini filamu imempaka wanja na kumulika macho yake mpaka mtazamaji amwogope yeye badala ya kumwogopa aliyefyatua bastola. Hata nafasi ya kumwigiza hakupewa mwigizaji wa Asia. Alipewa Gale Sondergaard, Mmarekani mweupe aliyechorwa uso. Maugham alikuwa amemwandika kama mwanamke wa Kichina aliyeishi na marehemu bila ndoa, na ni filamu iliyomgeuza kuwa mke wa ndoa mwenye damu mchanganyiko. Ong Chi Seng, karani wa wakili anayeleta habari ya barua, aliigizwa na Victor Sen Yung kwa utulivu na adabu inayotisha kuliko bastola yenyewe, lakini mwandishi wenu hakumtaja hata kwa jina. Tena alisahau kwamba chini ya hadithi hii kuna damu ya kweli. Mwezi Aprili 1911, mjini Kuala Lumpur, Ethel Proudlock, mke wa kaimu mwalimu mkuu wa shule ya Victoria Institution, alimpiga risasi William Steward barazani, akajitetea kwa maneno yale yale, akahukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa na Sultani wa Selangor. Aliyekufa alikufa, na mwanamke wa Kichina aliyesemekana kuishi naye hakupata nafasi hata katika makala yenu, ambayo ilikuwa na nafasi ya kutosha kueleza mavazi ya Bette Davis.

Madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Siku chache baada ya makala hiyo kutoka, filamu ilionyeshwa katika ukumbi mmoja hapa mjini. Msimamizi alisimama mbele na ukurasa wenu mkononi, akausoma wote, ndipo taa zikazimwa. Mjane alipokamatwa, vijana waliokaa safu za mbele walipiga makofi. Nilinyoosha mkono ili nieleze mwisho ule ulikotoka. Nikaambiwa muda umekwisha na viti vinahitajika kwa mkutano mwingine.

Ukumbi huo huo ulikuwa umeikuza picha mpaka ijaze pazia pana, ilhali filamu za miaka ile zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, hivyo juu na chini vikakatwa. Katika tukio ambapo mjane anaiangusha barua ili Leslie ainame kuiokota miguuni pake, sisi hatukuiona barua ikiwa sakafuni. Tuliona mwanamke anainama, basi. Tukio zima limejengwa juu ya karatasi ile, kwa kuwa ni mara ya pekee aliyefiwa anasimama juu ya aliyemfisha, na sisi tulinyimwa.

Naomba basi masahihisho yachapishwe katika ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, chini ya picha ile ile ya Bette Davis, na yawataje Gale Sondergaard na Victor Sen Yung kwa majina yao. Yaeleze pia kwamba mwisho ulitokana na kanuni za maadili zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. Mwandishi wenu aitazame filamu upya, kuanzia utomvu wa mpira unaodondoka kwenye kopo mpaka askari anapotokea, kabla ya kupewa filamu nyingine ya zamani kuiandikia. Na wenye kumbi wanaosoma gazeti hili wasiikuze picha ya zamani, bali waache pande mbili za pazia zibaki nyeusi.

Msomaji wenu,
Tanga