Rehema, anza na dakika nne

Mpendwa Rehema,

Barua yako imenifikia juzi jioni, nikaisoma mara mbili. Unasema baada ya siku ile ya kwanza ya mazoezi ulilala siku tatu, mwili mzima ukiuma kama umepigwa, na sasa hutaki kusikia tena habari za fiziotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi. Pole sana, dada. Lakini kabla hujakata shauri, nisikilize mimi mwenye fibromialgia kama wewe, ugonjwa huu wa maumivu ya mwili mzima, niliyepita hapo hapo.

Mtaalamu wa viungo wa kwanza niliyemwendea alinipandisha baiskeli ya mazoezi dakika 20 siku hiyo hiyo, kisha akanipa vyuma ninyanyue. Nikajikaza mpaka mwisho, nisije nikaonekana mvivu. Asubuhi yake sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Nilipomweleza akasema eksirei ni safi, damu ni safi, kwa hiyo nisijidekeze. Sikurudi. Nilikaa karibu mwaka mzima bila zoezi lolote, na mwaka huo naujutia mpaka leo, maana misuli isiyotumika huchoka upesi, ikichoka inauma, na ikiuma unazidi kulala.

Wa pili ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba fibromialgia haili viungo wala haichani misuli. Kasoro iko katika namna ubongo na uti wa mgongo unavyozipokea habari za mwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na neva zetu ndivyo zilivyo: mguso mdogo tu zinaupokea kama pigo. Ndiyo sababu eksirei haionyeshi kitu, na maumivu ni ya kweli vilevile. Asikudanganye mtu kwamba unajitia. Wala usihangaike kwamba daktari hakukubonyezabonyeza mwili. Kipimo hicho ni cha vigezo vya mwaka 1990 vya kuutambua ugonjwa huu, sehemu 18 zikibonyezwa, 11 ziume. Vigezo vya 2010 viliacha kuhesabu sehemu hizo, vikatazama maumivu yameenea wapi, usingizi, uchovu na kule kusahausahau.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Siku yako mbaya kabisa, unaweza kutembea dakika ngapi na kesho yake usizidiwe?" Nikafikiri, nikamwambia labda tano.

"Basi anza na nne."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Dakika nne ni kutoka mlangoni na kurudi! Lakini zilikuwa nne kila siku, nikizipima kwa saa, na baada ya wiki mbili akaniongeza moja. Ugumu wake, Rehema, hauko siku mbaya. Uko siku nzuri. Unaamka mwepesi, unasema leo nimepona, unafua, unapiga deki, unapanga kabati lote, na kesho yake hata shuka ni zito. Siku hiyo pia ni dakika zile zile. Saa ikilia unakaa, hata kama nguvu bado unazo. Mimi hilo lilinichukua miezi kulikubali.

Baadaye akaniingiza kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu. Maji yalinifika kifuani. Nikashika ukingo, nikainua goti la kulia, nikalishusha, nikainua la kushoto, polepole, na katikati ya zoezi nikagundua mabega yangu yameshuka. Sikujua kwamba muda wote huo nilikuwa nimeyapandisha karibu na masikio. Nililia pale majini, sikuona haya. Nilipopanda ngazi kutoka, mwili ukarudi uzito wake wote, akaniambia nikae kwanza, nguo nitavaa baadaye. Kama kwako hakuna bwawa usisononeke, kutembea nchi kavu nako kunasaidia. Mimi sasa naongeza na kuinuka kitini bila kujishika, mara tano, napumzika, mara tano tena.

Kukandwa ni kuzuri, lakini mwambie akukande taratibu, na usikufanye ndiyo tiba yenyewe. Wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2017, walizipitia tiba nyingi za ugonjwa huu, dawa zikiwamo, na iliyopata pendekezo la nguvu ni moja tu: mazoezi. Nakuandikia hili kwa sababu najua utaambiwa upumzike mpaka maumivu yaishe, na watakaokuambia ni watu wanaokupenda.

Maumivu kidogo baada ya zoezi yatakuwapo. Yakipungua ndani ya siku moja au mbili, endelea vilevile. Yakizidi hapo, punguza, rudi hata dakika mbili, lakini usiache. Na huyo mtaalamu wako mweleze siku tatu ulizolala, zote, bila kumwonea aibu. Akisikiliza na kupunguza, kaa naye. Akikuambia ujikaze, tafuta mwingine.

Jumatatu saa kumi na moja jioni nitakupigia simu. Uwe umevaa raba. Utatembea wewe huko na mimi huku, dakika nne, na saa ikilia tutakaa wote wawili tuzungumze mengine.

Wako akupendaye,
Asha