Porsche 917 haikushinda kwa ukubwa wa injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala yenu ya wiki iliyopita juu ya magari ya mbio ya Kijerumani, ambayo niliyasoma kwa furaha, maana ni nadra kwa ukurasa wa michezo kutoka nje ya kandanda. Hata hivyo, mwandishi wenu amehitimisha kwamba magari hayo yalitawala mashindano ya masafa marefu kwa sababu ya ukubwa wa injini zake, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Historia ya gari alilolisifu kuliko yote, yaani Porsche 917, inaonyesha mambo tofauti kabisa.

Tangu siku ya kwanza, gari hilo halikuwa na upungufu wa nguvu. Kanuni za wakati ule ziliruhusu injini ya hadi lita 5, mradi kiwanda kiwe kimetengeneza magari 25 ya aina hiyo, na Ferdinand Piëch, aliyekuwa akiongoza kazi ya ubunifu, aliamua yatengenezwe yote. Mwezi Aprili 1969 yalipangwa safu moja kiwandani, Stuttgart, ili wakaguzi wayahesabu. Hans Mezger, mbunifu wa injini, alikuwa ameliundia injini ya silinda 12, lita 4.5, iliyopozwa kwa feni kubwa iliyolala juu yake, yenye nguvu za farasi zaidi ya 500, katika gari lenye uzito wa takriban kilo 800. Juhudi za kupunguza uzito zilifikia hatua ya kuchekesha: kirungu cha gia kilichongwa kwa balsa, mti mwepesi sana, na mabomba ya alumini yaliyounda fremu yalijazwa gesi, ili geji ikionyesha kwamba shinikizo limeshuka, mafundi wajue kuna ufa mahali fulani.

Kwa nguvu zote hizo, gari halikuendesheka. Madereva wa kiwanda walilikwepa katika mbio za Nürburgring, Ujerumani, za mwaka huo, ikabidi waitwe David Piper na Frank Gardner. Huko Le Mans, Ufaransa, katika mbio za saa 24, kwenye barabara iliyonyooka ya Mulsanne, mwendo ulipozidi kilomita 300 kwa saa sehemu ya nyuma ilikuwa ikinyanyuka, matairi yakapoteza mshiko, na dereva akabaki kubahatisha gari linataka kwenda wapi. John Woolfe, Mwingereza aliyeshiriki na 917 ya kwake mwenyewe, alifariki dunia katika mzunguko wa kwanza wa mbio hizo. Makala yenu hayakumtaja, na kwa maoni yangu huwezi kulisimulia gari hili kwa haki ukamwacha. Vic Elford na Richard Attwood waliongoza kwa saa nyingi, kisha wakaharibikiwa zikiwa zimesalia saa chache tu.

Ufumbuzi ulipatikana Zeltweg, Austria, mwezi Oktoba 1969, wala haukutoka kwa mbunifu wa injini. John Horsman, mhandisi wa timu ya John Wyer, alilitazama gari baada ya kuzungushwa uwanjani, akaona kwamba bodi ya mbele imejaa mabaki ya wadudu waliogongwa, ilhali mkia ni safi. Wadudu hawakufika kule kwa sababu upepo wenyewe haukuwa ukifika. Ulipita juu bila kuukandamiza mkia. Mafundi wakachukua mabati ya alumini, ribiti na utepe wa kunata, wakaunda palepale mkia mfupi ulioinuka kwa nyuma. Madereva waliokuwa wakirudi haraka baada ya mizunguko michache, sasa wakawa hawataki kurudi. Fundi yeyote wa bodi, hata wa gereji ya chini ya mwembe, ataielewa kazi iliyofanyika siku ile.

Ushahidi mzito zaidi ni mbio za Le Mans za 1970. Kulikuwa na 917 nyingine zenye injini mpya ya lita 4.9, zikiwa na nguvu zaidi. Attwood, aliyekuwa ameonja adha ya mwaka uliotangulia, aliomba mkia mfupi na injini ileile ya zamani ya lita 4.5. Mvua ilinyesha sana, wenye nguvu wakaharibikiwa mmoja baada ya mwingine, na gari namba 23 la Attwood na Hans Herrmann likaipatia Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla katika mashindano hayo. Herrmann, aliyekuwa amemwahidi mkewe, alistaafu papo hapo.

Wajerumani walikuwa wameshatambua mapema kazi ya upepo. Katika Le Mans ya mwaka 1955, kwa kuwa Jaguar ilikuwa na breki za diski na Mercedes-Benz haikuwa nazo, gari la 300 SLR lilifungwa bamba kubwa nyuma ya dereva, lililoinuka kuzuia upepo kila alipotaka kupunguza mwendo. Kwa masikitiko, mbio hizo hukumbukwa kwa ajali iliyomuua Pierre Levegh pamoja na watazamaji zaidi ya 80, ambayo mwandishi wenu ameieleza vizuri, nami sina la kuongeza.

Kwa kuwa mmeahidi kwamba sehemu ya pili ya makala itahusu miaka ya 1980, naomba mwandishi asianze na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu. Aanze na sakafu ya Porsche 956, ambayo Norbert Singer na wenzake waliichonga ili hewa inayopita chini ilivute gari kuelekea barabarani, na ambayo mwaka 1982 ilisaidia magari namba 1, 2 na 3 kumaliza Le Mans kwa mpangilio huohuo. Na kama nafasi itaruhusu, jina la Horsman lichapishwe pia, walau kwa mstari mmoja, kando ya lile la Mezger.

Msomaji wenu,
Morogoro