Mafunzo ya mifumo yanunuliwe kwa darasa, si kwa kichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na maofisa ununuzi na maofisa TEHAMA wa taasisi za umma, na pia na wenzangu tunaouza mafunzo ya mifumo mikubwa ya kuendeshea taasisi: fedha, stoo, mishahara, nyaraka. Bei za mafunzo haya zinapangwa vibaya pande zote mbili, na kosa linaanzia kwenye mstari mmoja wa jedwali la bei.

Mstari wenyewe husomeka hivi: "Mafunzo ya mfumo, washiriki 12, bei kwa mshiriki." Kipimo ni mtu, idadi ni 12, mzabuni anajaza bei ya kipimo na jumla inatoka. Unaonekana hauna shida, ila gharama ya mafunzo haya haiendi kwa kichwa. Mkufunzi analipwa kwa siku, wakija watu saba au kumi na wawili. Mazoezi yanaandaliwa mara moja, na safari ni ile ile.

Nitachukua mfano wa darasa la siku tano, Dodoma, washiriki 12, kampuni ikitokea Dar es Salaam. Viwango ni vya kielelezo, kila mtu aweke vyake. Mkufunzi mkuu anahesabiwa siku tisa wala si tano: mbili za kurekebisha somo lifanane na mfumo wa mnunuzi, moja ya safari, tano za darasani, moja ya ripoti. Kwa 450,000 kwa siku ni 4,050,000. Msaidizi wa kuzunguka kwenye mashine, siku tano kwa 200,000, ni 1,000,000. Mazingira ya mazoezi kwenye seva ni mashine 13, pamoja na ya mkufunzi, kwa siku sita. Tuseme 10,000 kwa mashine kwa siku, yaani 780,000. Vitabu 12 kwa 35,000 ni 420,000. Nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida kwa 31,000, watu wawili kwenda na kurudi, 124,000. Malazi usiku sita kwa watu wawili, 80,000 kila mmoja, ni 960,000. Jumla ni 7,334,000. Ongeza asilimia 15 ya ofisi na dharura, kisha faida ya asilimia 15 juu ya hapo, unafika karibu 9,700,000 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Ukigawa kwa 12, kila kichwa ni kama 808,000.

Sasa Jumatatu asubuhi wanakuja saba. Mmoja kaitwa kuandaa majibu ya Bunge, wawili wana wakaguzi mezani, mmoja yuko likizo, mwingine kahamishwa kituo tangu majina yapelekwe. Mkataba ukiwa wa kwa kichwa, ankara inashuka hadi takribani 5,660,000. Kilichookolewa ni vitabu vitano na mashine tano, 475,000, kama vitabu havijachapwa tayari. Gharama za moja kwa moja zinabaki 6,859,000. Kampuni imefundisha kwa hasara ya shilingi milioni 1.2 bila kuhesabu hata pango la ofisi. Mzabuni aliyeumia hivyo mara moja, safari ijayo anapandisha bei ya kichwa ili watu saba walipie darasa zima. Wakija wote 12, serikali imelipa karibu mara mbili ya gharama halisi.

Dawa yake ni kubadili kipimo. Jedwali liseme: darasa moja, siku tano, saa 30, washiriki wasiozidi 12. Hicho kikomo kisiachwe wazi. Kwenye mazoezi ya mfumo, mkufunzi mmoja na msaidizi wake wanawamudu watu 12. Wakifika 20, walioko nyuma wanabaki kutazama ukutani huku skrini zao zimekwama kwenye hatua ya pili. Watu 20 ni madarasa mawili, na yaandikwe hivyo.

Vipo vitu ambavyo kweli ni vya kwa kichwa, navyo viwekwe kwenye mistari yao. Baadhi ya watengenezaji wa programu huuza kitabu rasmi cha kozi kama namba ya siri ya mtu mmoja isiyohamishika. Mtihani wa cheti ni hivyo hivyo, tena namba ya mtihani ina tarehe ya mwisho. Nyingi huishia kuoza kwenye barua pepe, kwa sababu taasisi ilinunua 12 kwa pamoja na waliojiandaa ni wanne. Mtihani ulipiwe kwa gharama halisi, pale tu mshiriki anapopanga tarehe ya kuufanya. Vitu hivi mara nyingi vinanunuliwa nje kwa dola, ilhali tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mzabuni anabeba mabadiliko ya dola kwa miezi yote ambayo zabuni yake iko hai. Vikiwa kwenye mstari wake, tahadhari ya dola, yaani nyongeza anayoweka kujikinga, inagusa mstari huo tu. Vikichanganywa na ada ya darasa, tahadhari inasambaa kwenye bei nzima.

Kuhusu mahali pa kufundishia, naomba maofisa wapige hesabu kabla ya kuandika "Dar es Salaam" au "Morogoro" kwenye hadidu za rejea. Viwango vya posho ya safari vilivyotangazwa 2022 ni kati ya 100,000 na 250,000 kwa siku. Kuwatoa watumishi 12 Dodoma kwa usiku sita ni kati ya 7,200,000 na 18,000,000, bila nauli. Kuwapeleka wakufunzi wawili Dodoma, kwa mfano wetu, ni 1,084,000. Najua hoja ya upande wa pili: mtumishi akibaki kituoni kwake anaitwa ofisini kila baada ya nusu saa. Ni kweli kabisa. Basi darasa liwe kwenye ukumbi wa taasisi nyingine mji ule ule, na barua ya kumwachia mtumishi siku tano itiwe saini na mkuu wake wa idara kabla ya mkataba. Ukumbi, chai na chakula vilipiwe na taasisi yenyewe au viwe na mstari wake, maana vikifichwa ndani ya bei ya mafunzo, tathmini ya zabuni inageuka kulinganisha wali kuku na mkufunzi.

Kinachoharibu mafunzo mara nyingi ni asubuhi ya kwanza. Kompyuta mpakato za serikali zimefungwa, na ni sawa zifungwe: mtumishi hana ruhusa ya kuweka programu, na aliye na nywila ya usimamizi yuko jengo jingine. Mtandao wa taasisi nao unazuia milango (namba za njia za mtandao) ya kuingilia seva kwa mbali, kwa mfano 22 na 3389. Watu wanakaa, wanawasha mashine, hakuna anayefika kwenye mazoezi. Saa tatu zinapotea, na kwa bei ya mfano wetu kila saa ya darasa ni zaidi ya shilingi 320,000. Wiki moja kabla, afisa TEHAMA achukue kompyuta ya mshiriki mmoja, aketi kwenye ukumbi wenyewe, atumie mtandao wa ukumbi huo, na afungue mazingira ya mazoezi mpaka zoezi la kwanza liishe. Mkufunzi naye ayaandae mazoezi yapite kwenye kivinjari cha kawaida kwa mlango 443, ambao karibu kila taasisi umeachwa wazi. Jaribio hili liandikwe kwenye mkataba kama sharti la kuanza, na lilipiwe nusu siku. Hakuna pesa inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Data ya mazoezi ndiyo mahali pengine ambapo bei ya chini inadanganya. Njia rahisi ni kunakili data halisi ya mishahara au ya wateja na kuiweka kwenye seva ya darasa. Hiyo si ya kuchezea tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023. Data ya kubuni yenye sura ya kweli (vituo vya gharama, ngazi za mishahara, wagavi wenye makosa ya makusudi ili wanafunzi wayatafute) inachukua siku mbili za kazi, ndizo zile siku za maandalizi kwenye mfano wangu. Mzabuni asiyeziweka ama atafundisha kwa picha za kuonyesha ukutani, ama ataomba nakala ya data halisi. Kamati ya tathmini imuulize atafanya lipi.

Kodi nayo inawachanganya wengi. Zabuni iseme wazi kama bei ni pamoja na VAT au bila, kwa sababu mzabuni aliyesajiliwa anatoza asilimia 18 na aliye chini ya mauzo ya milioni 200 kwa mwaka halazimiki kusajiliwa. Wakilinganishwa bila uangalifu, mmoja anaonekana ghali bure. Kwenye 9,700,000 ya mfano, VAT ni 1,746,000, ankara ni 11,446,000. Kodi ya zuio, ambayo mnunuzi huikata kabla ya kulipa, ya asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu ni 485,000. Tangu Julai 2025 taasisi za serikali huzuia pia VAT asilimia 6 ya thamani ya huduma, 582,000. Kinachoingia benki ni 10,379,000. Hizo si hasara, zinahesabiwa kwenye kodi ya kampuni, lakini mwenye kampuni ndogo aliyepanga mishahara kwa kuangalia ankara atakwama. Tena VAT inadaiwa kwa tarehe ya ankara au ya huduma, ritani (taarifa ya kodi hiyo) ifike kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama taasisi haijalipa senti.

Hapo ndipo penye uvimbe mkubwa wa "bei ya serikali". Tuseme kampuni ilitumia milioni 8.4 (gharama za mfano wetu pamoja na ofisi na dharura) kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na malipo yakachukua miezi sita. Riba ni karibu 630,000, nusu ya faida yote. Wazabuni wanalijua hilo, kwa hiyo wanaliweka kwenye bei tangu mwanzo, na taasisi inayolipa kwa wakati inalipia ucheleweshaji wa zile nyingine. Mkataba wa madarasa manne usingoje ripoti ya mwisho ya yote. Kila darasa likiisha, mahudhurio na matokeo ya jaribio la mwisho yasainiwe, ankara itoke, lilipwe hilo.

Marekani, wakala wa ununuzi wa serikali uitwao GSA kwa miaka mingi uliwataka wauzaji walete orodha ya bei wanazotoza sokoni na waeleze punguzo wanazowapa wateja wengine. Bei iliyokubaliwa inawekwa hadharani, na muuzaji analipa ada ya asilimia 0.75 ya mauzo kuendesha mpango huo. Bei ya kozi inakuja na idadi ya chini na ya juu ya wanafunzi. Sisi tunao GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, na mikataba maalumu yake ya vifaa na huduma zinazotumika na wengi. Sioni kwa nini darasa la siku tano lenye vipimo vinavyojulikana lisiingie humo. Wenzangu tunaouza nasi tuache mtindo wa kutangaza bei ya juu kisha kutoa "punguzo la serikali" la asilimia 40. Bei inayoweza kukatwa hivyo haikuwa bei.

Kwa maofisa wanaoandaa mpango wa ununuzi wa mwaka wa fedha ujao: yaangalieni pia majira. Mhasibu hawezi kukaa darasani Juni wakati wa kufunga hesabu, na mafunzo yaliyotolewa miezi minne kabla mfumo haujawashwa yamesahaulika siku ya kuuwasha. Wiki mbili au tatu kabla ndiyo sawa. Mtajeni mkufunzi kwa jina kwenye mkataba, na asibadilishwe bila idhini yenu, maana wasifu unaoshinda zabuni si lazima uwe wa mtu atakayesimama mbele ya darasa. Wekeni mstari wa siku tatu za ushauri ndani ya siku 60 baada ya mafunzo, zilipwe zikitumika. Na kabla ya kujaza idadi ya washiriki, pitieni orodha ya majina moja moja na wakuu wa idara, muulize nani kati yao ana kazi ya mfumo huo kwenye meza yake. Mara nyingi orodha ya 20 hurudi na watu 11, na darasa moja linatosha.

Mkufunzi wa mifumo ya kompyuta,
Kijitonyama, Dar es Salaam