Vidole vizima, mkono haupandi

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Rama,

Asalaam aleikum. Huku wazima, watoto wazima, Bibi wa Ujiji bado anagombana na jirani kwa ule mwembe. Haya, salamu zimetosha. Najua umeninunia kwa kutopokea simu, ila nisikilize kwanza, maana nina ombi.

Unakumbuka ile homa na kifua vilivyonilaza wiki nzima? Vilipita, nikarudi saluni. Siku kama kumi baadaye, saa nane usiku, nikashtuka bega la kulia linawaka, kama mtu ananipitishia msumari wa moto kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Nimezaa mara tatu bila kelele, lakini usiku ule niliamsha mpaka wapangaji wa uani. Zahanati wakanipa diklofenaki, wakaniambia nimelalia mkono. Nimelalia! Wiki mbili nalala nimekaa, mto kifuani.

Maumivu yakapoa, nikamshukuru Mungu, nikaanza kichwa cha bi harusi, yule mtoto wa Mzee Kilosa. Nanyanyua mkono, haupandi. Unafika usawa wa kifua, unaanguka. Vidole vizima, vinashika uzi, vinasokota, lakini bega limegoma. Bi harusi ananiangalia kwenye kioo, na mimi namwangalia. Kichwa alikimalizia Tausi, na hela akala yeye.

Maneno sasa! Mama anasema nimetupiwa jini. Shemeji yako kanitangaza nimepooza. Eksrei nikapiga, mifupa safi. Mwisho nikampata daktari mmoja, kijana, akaniambia nisukume ukuta kwa mikono miwili. Bapa la bega likachomoza mgongoni. Nyumbani Neema akaliona, akaniambia, "Mama, unaota bawa." Nilicheka, kisha nikalia chooni.

Daktari anasema kinga ya mwili, ikitoka kupambana na maradhi kama ile homa, mara nyingine hukosea na kushambulia mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Misuli ikikosa mishipa yake inalegea, inakonda. Ugonjwa unaitwa Parsonage-Turner, majina ya madaktari wawili walioueleza mwaka 1948, wagonjwa wao wengi wanajeshi. Nikamwambia mimi vita yangu ni na mwenye nyumba tu. Hakucheka. Kanipa dawa za maumivu na mazoezi, akasema wengi hurudi, wengine si kwa asilimia mia, na inaweza kuchukua mwaka au hata miaka miwili, mitatu. Mshipa unaota kama milimita moja kwa siku. Nikapiga hesabu: mwezi mzima, sentimita tatu. Shoga, hata treni yetu ina afadhali!

Sasa nasuka watoto tu, wanakaa chini kwenye mkeka, kichwa magotini kwangu, mkono nimeuegemeza kwenye paja. Wateja wakubwa wa kitini wanahamia kwa Tausi mmoja mmoja, na kodi haijui milimita.

Ndiyo maana nakuomba Zuhura. Aje ashike kiti changu miezi sita. Atalala kwangu, atakula kwangu, nauli yangu, tunagawana nusu kwa nusu. Najua ulitaka aende Dar. Lakini huko ataanza kwa kufagia nywele za watu, hapa anakuta kiti na wateja. Mimi nitakaa pembeni nimwelekeze, domo halijalegea.

Basi niambie, bado anasuka, au ndiyo amekazana na simu? Baba yake atakubali? Yule mchumba wa Sikonge ameishia wapi? Rama kapona macho? Na wewe, hiyo mimba ni kweli au ni mdomo wa Mama Shani? Zuhura akija, mfungie asali chupa mbili, ya Sikonge ile nzito. Nauli natuma ukinijibu tu, hata kwa kunitukana.

Wako,
Mama Neema