Kiwanja chako hakijahama

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Vingunguti, hapa Dar. Barua yako ilinifikia Jumatatu, nikaisoma nimesimama mlangoni, mkoba ungali begani. Kwanza nikutoe wasiwasi: barua ya ofa uliyopewa kiwanja chako cha Chanika, ile yenye kichwa cha Manispaa ya Ilala, haijafa. Halmashauri imebadili jina, kiwanja hakijahama.

Umeniuliza kulitokea nini baada ya wewe kuolewa Tanga. Unakumbuka tulikuwa na ngazi mbili: manispaa, na juu yake Jiji lenye meya wake, ambalo baraza lake lilijazwa na wawakilishi kutoka manispaa. Jiji lile halikuwa na kata yake hata moja. Popote ulipokanyaga ulikuwa Ilala, Temeke au Kinondoni, na tangu 2016 pengine Ubungo au Kigamboni. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi, ikawa ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Wilaya imebaki kuitwa Ilala. Kwa hiyo mtu wa Buguruni yuko chini ya Jiji, wa Manzese yuko Manispaa ya Ubungo, na wote wawili ukiwauliza watakwambia wanakaa Dar.

Wala si mara ya kwanza. Wazazi wetu waliona halmashauri zikifutwa miaka ya sabini wakati wa Madaraka Mikoani, kazi zake zikachukuliwa na serikali ya mkoa na wilaya; za mijini zikarudishwa 1978, na mfumo mzima kwa sheria za 1982. Sisi wenyewe tulikuwa wadogo Jiji lilipowekwa chini ya tume mwaka 1996, mpaka 2000 zilipoanza manispaa tatu.

Nikuambie ukweli, meya wa pili sikumlilia. Ngazi ya ziada ina posho zake, magari yake na vikao vyake, na fedha hizo zingeweza kuchimba mtaro. Kinachoniuma ni kwamba madiwani wa Dar nzima hawana tena meza moja ya kukalia.

Jumamosi nilivuka daraja la Jangwani kwa miguu. Upande wa Magomeni ni Kinondoni, upande wa pili ni Jiji, na katikati unapita Msimbazi. Nikasimama nikachungulia chini. Chupa za plastiki, tairi, na godoro lililochanika ubavuni, sponji imetoka nje imevimba kwa maji meusi. Godoro lile huenda lilitupwa Ubungo, huenda lilitupwa hapa kwetu. Diwani wa Jangwani atamwuliza nani? Ana baraza lake, mkurugenzi wake na bajeti yake, na mpaka wake unaishia katikati ya mto. Dampo la Pugu Kinyamwezi nalo ni hivyohivyo: taka zinatoka pande zote za mkoa, moshi na harufu wanavuta watu wa Pugu. Mambo ya namna hii ndiyo Jiji la zamani liliwekewa kuyashika. Sisemi lilifanya vizuri, nasema kazi ile bado ipo na inahitaji wenyewe.

Mkuu wa mkoa anaweza kuwaita wote, najua. Lakini yeye hakupigiwa kura na watu wa Kigogo wala wa Mchikichini ambao maji yanaingia vyumbani mwao kila masika. Ningependa halmashauri zote tano ziwe na kamati ya pamoja ya madiwani, ndogo tu, isiyo na meya wala jengo, ishughulikie mto na taka basi. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikalisema hili, mkono unatetemeka. Diwani akaniomba nirudie taratibu, akaandika kwenye daftari. Kikao kijacho nitakwenda kumwuliza lilifika wapi.

Ukija mwezi ujao, njoo na ofa yenyewe na risiti zako zote za kodi ya ardhi, usiache hata moja. Tutakwenda wote ofisi ya ardhi, halafu nikupeleke Chanika ukaione miembe yako.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, shoga yako wa Vingunguti