Mchoro wa Rubens haukuachwa njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nisahihishe jambo moja. Taarifa yenu kuhusu maonyesho ya mchoro wa Rubens, mchoraji wa Antwerp katika Ubelgiji ya leo, wa gari la farasi la kusherehekea ushindi wa Kallo imeuita “picha ambayo haikumalizwa”. Mchoro ule ulimalizwa. Ni kielelezo cha kazi, kilichotengenezwa ili maseremala na wapaka rangi wa Antwerp wajue la kufanya. Ukiutazama kama picha ya kutundika sebuleni, utauona una kasoro ambazo hauna.

Juni 1638, jeshi la Ferdinand, nduguye mfalme wa Uhispania aliyetawala eneo la Antwerp kwa niaba yake, liliwashinda Waholanzi huko Kallo, ng’ambo ya mto Scheldt. Mwezi uliofuata Wafaransa waliouzingira mji wa Saint-Omer nao wakatimuliwa. Mji wa Antwerp ukataka gari jipya kwa ajili ya Ommegang, maandamano yake ya Agosti. Zilikuwapo wiki chache tu.

Kwa hiyo Rubens alifanya kama alivyozoea kwenye michoro ya aina hii. Ubao wa mwaloni hupakwa chaki iliyochanganywa na gundi, ukalainishwa, kisha juu yake hupita rangi nyepesi ya kahawia kwa brashi pana. Mistari ya brashi hiyo huachwa makusudi ionekane. Vivuli ni kahawia iliyopakwa kidogo mno, au rangi ya chini imeachwa wazi. Rangi nzito, yenye nyeupe ya risasi, huwekwa pale tu mwanga unapopiga: begani, kwenye deraya, ukingoni mwa ngao. Pale panapoonekana patupu, fundi hakuhitaji kuelekezwa zaidi.

Gari lenyewe lina umbo la merikebu, na katikati, badala ya mlingoti wa tanga, umesimama mti wa nyara: deraya, ngao na silaha za walioshindwa, na mateka waliofungwa chini yake. Wanawake waliovaa taji zenye umbo la kuta za ngome ni miji miwili, Antwerp na Saint-Omer. Maelezo mengi ya maonyesho huishia hapo, kwenye kutaja nani ni nani. Mimi naona utamu uko kwenye useremala. Mzigo mrefu namna hiyo juu ya magurudumu, kwenye mtaa wa mawe, huyumba. Mti ukipigiliwa kwenye sitaha peke yake, mbao za sitaha hupasuka. Sharti upenye mpaka kwenye fremu ya chini na ukazwe huko. Omo nayo lazima iinuliwe au ikatwe kwa ndani, la sivyo gurudumu la mbele litakwaruza ubavu wa merikebu kila farasi wanapokata kona.

Ombi kwa waandaaji wa maonyesho ya namna hii. Mchoro huu huoneshwa vizuri zaidi ukiwa karibu na picha ya kuchapwa ya gari hilo iliyochorwa na Theodoor van Thulden, iliyomo katika kitabu kikubwa, kilichotoka miaka kadhaa baada ya vita vya Kallo, kuhusu mapokezi ya Ferdinand mjini Antwerp mwaka 1635. Tatizo ni taa. Karatasi huvumilia lukisi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, na si kwa miezi mingi mfululizo, ilhali rangi ya mafuta juu ya ubao hustahimili 150 hadi 200. Vikiwekwa chini ya taa moja, hufuatwa kiwango cha karatasi, na ile mistari ya brashi ya chini hupotea kabisa. Kila kimoja kipewe taa yake, na ya mchoro itoke ubavuni kidogo, maana ikipiga usoni vanishi hung’aa na kuficha kazi.

Unyevu wa hewa nao ubaki karibu asilimia 50 bila kupanda na kushuka ghafla. Mwaloni hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu, ndiyo maana rangi huanza kubanduka kwenye maungio ya mbao. Atakayeona mfuko mdogo wa kemikali ya kunyonya unyevu ndani ya kabati la kioo asidhani umesahauliwa.

Msomaji wenu, mpenzi wa sanaa za kale